Koti Jeupe Nililolipiga Pasi

Kazi yangu ya gesti ilianzia kwenye beseni. Mwenye nyumba alinichukua nifue mashuka, na mapokezi nikaja kuyashika baadaye, dada aliyekuwepo alipoolewa Vwawa. Tangu hapo nafanya yote mawili. Gesti ina vyumba kumi na kimoja, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Tunduma, pale ambapo malori yanayosubiri kuvuka hujipanga mpaka mtu anayetaka kwenda ng'ambo ya barabara anapita katikati ya matairi. Vumbi la pale halina adabu. Ukianika shuka jeupe saa tatu, saa tano lina rangi ya chai ya maziwa. Kwa shida hiyo nikajifunza kufua nguo nyeupe kuliko mtu yeyote ninayemjua, na majirani wakaanza kuniletea za kwao: majoho ya kwaya, mashati ya shule, vitambaa vya meza za harusi.

Ndivyo alivyonifikia yule bwana na koti lake.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani ya fremu nyeusi na sauti ya chini. Alisema kwao ni Ibaba, kule juu Ileje, na kweli Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kindali ambao hata mtu akikaa mjini miaka ishirini haumtoki.

"Dada, nimeambiwa wewe ndiye unayezijua nguo nyeupe."

Akatoa kwenye mfuko koti la kitabibu, refu, la vifungo vinne. Nikamuuliza kama ni la kazini.

"La kazini. Mambo ya afya, pale mpakani."

Nikamwita daktari siku hiyohiyo. Akacheka, akatikisa kichwa. "Hapana dada, mimi ni mhudumu tu." Unyenyekevu huo ndio ulionimaliza. Nilijiambia kwamba mtu anayekataa cheo akipewa bure hawezi kuwa mwongo.

Akawa analeta koti kila Ijumaa na kulichukua Jumamosi jioni. Siku moja mfuko wa kifuani ulikuwa umechanika pembe. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikaushona kwa uzi wa buluu, nikamwomba radhi. Akasema umependeza hata hivyo. Mama yangu yuko Iyula, na ana shinikizo la damu. Yule bwana hakuacha kumuulizia. Aliniambia nimpunguzie chumvi, niwe nampigia simu asubuhi kumkumbusha vidonge. Mambo ya kawaida ambayo mtu yeyote angeyasema, lakini mimi nilikuwa nampigia mama na kumwambia, "Daktari wetu wa hapa amesema." Tunduma ni mji ambao kila anayekusogelea ana jambo lake. Kumpata mtu anayekusogelea na salamu tu ni kama kupata kivuli.

Mkewe nilimfahamu pia. Tulisali kanisa moja, akikaa mabenchi ya nyuma na watoto wake watatu. Jumapili moja alinishika mkono nje ya kanisa, akaniambia, "Asante kwa kumtunza mume wangu, kila mtu anasema anapendeza." Nikajiona nimefanya kitu duniani.

Nguo, hata hivyo, zinasema. Kulikuwa na wauguzi wawili wa zahanati niliokuwa nawafulia pia, na makoti yao yalikuwa na harufu ya dawa, madoa ya zambarau ambayo hayatoki hata ukilia, wino kwenye mikono, maziwa ya watoto mabegani. Lile la yule bwana lilikuwa na vumbi jekundu kwenye pindo, harufu ya dizeli, na kola yenye jasho la mtu aliyesimama juani siku nzima. Niliyaona hayo wiki baada ya wiki. Sikutaka kuyafikiria. Mtu mwenye mashuka ishirini na mbili kwenye kamba hana muda wa kuliuliza koti limetoka wapi.

Kisha akafika mwalimu mmoja, mchana wa Jumanne, mwezi wa sita, upepo ukiwa mkali. Mzungu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele zote nyeupe, mkoba mmoja mgongoni. Kabla sijafungua kinywa alinitangulia.

"Hujambo, mwanangu? Je, kuna nafasi ya kulala?"

Niliduwaa. Kilikuwa Kiswahili cha darasani, kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake kama vyombo kwenye kabati la bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba" kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo miaka mingi. Alinieleza kwamba akiwa msichana alifundisha shule moja huku Mbozi, si mbali na Iyula, na kwamba tangu mumewe afariki amekuwa na hamu moja tu, kurudi kuiona shule ile kabla miguu haijakataa. Nikamwambia Iyula ndiko nilikozaliwa. Alinikumbatia juu ya kaunta. Kalamu zikaanguka.

Tulipomaliza kuziokota nikamwomba pasipoti, nimwandike kwenye daftari la wageni.

"Pasipoti ameichukua daktari," alisema. "Ataniletea saa kumi jioni."

"Daktari gani, mama?"

"Daktari wa mkoa. Mtu mwenye adabu sana."

Nikamwomba anieleze pole pole. Alikuwa amepita mpakani vizuri, akagongewa muhuri, kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano ikaangaliwa, akaruhusiwa. Alipotoka nje ya geti, hatua chache tu kutoka wanaposimama wenye teksi, mtu mwenye koti jeupe na faili mkononi alimsimamisha kwa Kiingereza. Yeye akamjibu kwa Kiswahili. Yule mtu akashtuka, akafurahi, akamwita mama, akamwambia karibu nyumbani. Kisha akamwambia kwamba ukaguzi wa ndani ni wa taifa, na wa nje ni wa mkoa. Akaitazama kadi, akasikitika: imepita miaka kumi, haifai tena. Sheria inataka achomwe sindano upya na akae amefungiwa siku kadhaa. Ama, kwa kuwa ni mtu mzima na ni mwalimu, alipie kibali cha dharura. Alikuwa ameshatoa dola alizokuwa nazo mfukoni, na pasipoti ikabaki "kuandikiwa" mpaka atakapotoa nyingine benki.

Wasafiri wengi wanaopita hapo siku hizi wanajua kwamba chanjo ile ukichomwa mara moja imekutosha maisha yako yote. Yeye hakujua. Kadi yake ilikuwa ya zamani, iliyoandikwa kwa mkono, na kumbukumbu yake ya sheria ilikuwa ya zamani pia.

"Nilikuwa naogopa matapeli upande wa pili," alisema, "wale wanaobadilisha pesa. Huyu hakunikimbilia, hakunivuta mkono. Na nilimwelewa kila neno."

Hapo alikuwa ameanza kusikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anashika ukingo wa kaunta. Nikamuuliza, nikiwa sitaki jibu, huyo daktari alikuwaje.

"Mwembamba. Miwani. Koti safi sana, limenyooshwa kuliko nguo yoyote niliyoiona leo." Akagusa kifua chake upande wa kushoto. "Hapa palishonwa kwa uzi wa buluu."

Nilimpa ufunguo wa chumba namba nne, nikamwambia apumzike, asiende benki, asitoke, mimi narudi sasa hivi. Nikavua aproni. Nakumbuka niliikunja vizuri na kuiweka kitini.

Yule bwana alikuwa anapanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta mkewe uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona alifuta mikono haraka, akataka kuniletea kigoda.

"Karibu dada! Umeleta koti? Leo si Jumamosi."

"Nimepita tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wako shule. Mwenyewe yupo ndani, amerudi mapema, kichwa kinamuuma."

Akamwita. Alitoka bila koti, amevaa fulana tu, na aliponitazama usoni alijua. Akaniambia tusogee pale penye mashine, mkewe asisumbuliwe na mazungumzo ya kazi. Mashine ilikuwa inanguruma, unga unapepea kwenye mlango, na ilibidi tusogeleane kama watu wanaoambizana siri.

"Nimekuja kuchukua pasipoti," nilisema.

"Pasipoti ya nani, dada?"

"Ya bibi mmoja, mwalimu. Usinichoshe. Nimechoka tangu asubuhi."

Akavua miwani akaifuta kwa fulana, na bila miwani alikuwa mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Sijaiba," alisema. "Nimeishika tu. Hawa watu wanatoa wenyewe. Mimi siwagusi, siwatukani. Wale wa chenji wanawakunjia noti, wenye tiketi wanawauzia mabasi ambayo hayapo. Mimi nazungumza nao vizuri."

"Naomba pasipoti."

"Na wewe ulidhani hela ya kufulia inatoka wapi?"

Hilo lilinipata. Nilitaka kusema kwamba sikujua, na neno likakataa kutoka, kwa sababu ya lile vumbi jekundu na ile harufu ya dizeli. Nikarudia tu, naomba pasipoti. Nikamwambia asiponipa nitaiomba kwa mkewe, kwa sauti, pale uani.

Akaenda ndani. Aliporudi alikuwa ameifunga kwenye gazeti, na kadi ya njano iko ndani yake. Dola alisema zimekwisha. Akashika kifundo cha mkono wangu, si kwa nguvu.

"Dada, nimeacha. Leo nimeacha. Koti lile ni hilo hapo, lichukue, lichome. Usimwambie mke wangu. Anajua naenda kazini."

Kweli akanipa koti, limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilipita uani nikamuaga mkewe. Akanifungia maharage kidogo kwenye karatasi, nikayapokea.

Mwalimu aliishika pasipoti yake kwa mikono miwili, akakaa kitandani. Nilimwambia, kama anataka, tuende polisi sasa hivi, kituo hakiko mbali, nitamsindikiza na nitasema ninachokijua. Nilimwambia hivyo, lakini moyoni nilikuwa naomba akatae. Sikutaka kusimama mbele ya meza na kueleza kwamba koti nalinyoosha mimi.

"Hapana," alisema. "Nataka kufika shuleni tu. Nimesafiri mbali. Sitaki niifikie shule nikiwa na faili la polisi." Kisha akaongeza, "Ninaona aibu, mwanangu. Nilijisifu sana kwamba mimi si mgeni hapa."

Nikampikia uji. Asubuhi nilimsindikiza mpaka kwenye gari la kwenda Mbozi, nikamwonyesha dereva, nikamwambia dereva huyu ni mama yangu. Alipoondoka nilishusha pumzi. Mambo yameisha, nilijiambia. Pasipoti imerudi, mtu ameacha, mke hajaumia. Koti sikulichoma. Nililiweka juu ya kabati la mashuka na sikulitazama tena.

Nilinyamaza mwezi mzima. Jumapili nilikuwa nachelewa makusudi kanisani ili nisikutane na yule mwanamke mlangoni.

Kisha ikaja siku mgeni wa chumba namba tisa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, msafiri wa begi kubwa, hakushuka kunywa chai. Alikuwa amefika jana yake akitokea Zambia, hajui Kiswahili hata cha salamu. Saa nne nikagonga. Alinifungulia akitetemeka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, mwekundu, wa moto. Katikati palikuwa na alama ya sindano.

Kwa Kiingereza changu cha mapokezi nilimuuliza nani amemchoma. Akaniambia ni daktari. Nje ya geti, kwenye kibanda chenye mwavuli. Alikuwa amekataa kulipa kibali, akisema kama sheria ni sindano basi achomwe sindano. Yule mtu, ili asionekane mwongo, akamchoma.

Nilimpandisha bajaji mpaka hospitali, nikamshikilia njiani kwa sababu kila shimo la barabara lilimtoa machozi. Daktari wa zamu, wa kweli huyu, mwenye koti lililochakaa na kola iliyofumuka, alimsafisha, akampa dawa, akaniuliza kilichomo kwenye sindano ni nini. Nikamwambia sijui. Akasema pengine ni maji tu, lakini maji machafu na sindano chafu vinatosha kumwondoa mtu. Yule dada alilazwa siku tano. Jipu lilipasuliwa. Alipona, na kovu lake aliondoka nalo.

Mimi nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kituoni, na kandambili za kufulia miguuni. Askari aliyenipokea alikuwa kijana mtulivu, akaandika kila nilichosema: miwani, kibanda, nyumba ya nyuma ya mashine.

"Ulimjua ni tapeli tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita."

Kalamu ilisimama. Akaniangalia, akaendelea kuandika. Afadhali angenifokea.

Walimkuta nyumbani mchana huohuo. Alikuwa amenunua koti jipya. Ndani walipata kadi za chanjo za watu wengine, sindano kwenye kopo la maziwa ya unga, na muhuri wa mpira aliouchonga mwenyewe kutoka kwenye kandambili. Kesi ilipofika mahakamani niliitwa, nikasimama, nikasema. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama siku za Ijumaa, kwa upole, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Akafungwa.

Mtaani walisema yao. Wapo walionipongeza. Wapo walioniambia nimemkatia mwenzangu riziki kwa ajili ya wazungu ambao kesho hawatanikumbuka. Mjini shule, walisema, mgeni akipigwa ndiyo ada yake. Maneno hayo yalinipita. Mtu aliyeushika mkono ule uliovimba hawezi kuambiwa habari za ada.

Lakini mkewe alikuja. Ilikuwa saa nane mchana, sina mgeni, napiga pasi. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Siku ile ulipokuja nyumbani," alisema, "ulinikuta nachambua maharage."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza watoto."

"Ndiyo, dada."

"Na ulikuwa unajua."

Nilizima pasi.

"Ungeniambia mimi," alisema. Hakuwa analia. "Si polisi, si mtu mwingine. Mimi. Nisingekubali. Ningewachukua wanangu siku ileile, au ningekaa naye mpaka amalize ujinga wake. Lakini ungeniambia, yule mtoto wa watu asingechomwa, na mume wangu asingekuwa na kesi ya sindano. Ulinionea huruma, dada. Angalia huruma yako ilivyofanya."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Mwezi uliofuata alirudi Ibaba kwa wazazi wake kulima, na watoto. Nilisikia kwa watu kwamba mahindi yalimkubali mwaka ule. Nilifurahi kama mtu anavyofurahi akiwa mbali.

Mwalimu alirudi kupitia Tunduma miezi michache baada ya kuondoka, amekonda kidogo, ameungua na jua, amebeba kahawa aliyopewa na mwanafunzi wake wa hesabu wa zamani, ambaye sasa ni babu. Shule aliikuta. Darasa lake limekuwa stoo. Alisimulia hayo kwa furaha, mpaka akaniuliza habari za hapa, nami nikamwambia yote, pamoja na ya mwanamke wa maharage.

Aliiweka kahawa juu ya kaunta.

"Na mimi nilinyamaza," alisema. "Nilisema ni aibu yangu, nitaibeba mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimemwachia mwingine aibebe."

Jioni ile tuliandika karatasi ya kubandika mapokezi. Yeye aliandika Kiingereza, mimi Kiswahili, tukabishana juu ya maneno. Yeye alitaka ianze kwa ukarimu, mimi nilitaka ianze kwa pasipoti. Nikashinda. Tuliandika kwamba ukishagongewa muhuri ndani na kuruhusiwa, umeruhusiwa. Nje ya geti hakuna ukaguzi wa pili, na mwenye kukusimamisha barabarani, hata awe na koti, faili na lugha tamu, mwambie turudi ofisini pamoja, uone kama atakuja. Kwamba pasipoti ikitoka mkononi mwako iende dirishani, nawe usimame hapo mpaka irudi. Kwamba chanjo ya homa ya manjano haina mwisho. Kwamba fedha hubadilishwa benki au kwenye duka lenye mlango na risiti, na si kwa mtu anayetembea nazo mkononi, kwa sababu noti anazokuhesabia si zile anazokupa. Kwamba tiketi ya basi hukatwa ofisini, na aliyekupokea begi kabla hujamwomba hajakusaidia. Kwamba dhahabu, hata ukiambiwa imetoka Galula, haiuzwi barabarani kwenye leso. Na mwisho, huo ulikuwa wa mwalimu: ukishapigwa, sema. Sema siku hiyohiyo, hata kama unaona haya, kwa sababu baada yako kuna mtu anakuja.

Akanionyesha namna ya kuandika herufi kubwa zisomeke kutoka mbali. Asubuhi akaondoka. Hutuma salamu kwa simu, kwa Kiswahili chake kilekile, na mimi humjibu nikijaribu kunyoosha changu.

Karatasi imeshabadilishwa mara tatu, jua linaifuta. Nimejifunza kwamba watu hawaisomi, kwa hiyo nawaambia kwa mdomo wanapoandika majina. Maneno yaleyale, kila siku. Wengine wananiangalia kwa shaka. Mwanamke asiyewajua anayewaonya juu ya wezi, kwao anafanana na mwizi. Siwalaumu. Kuna mmoja aliniambia, kwa heshima zote, kwamba ametembea nchi arobaini. Nikamwambia karibu ya arobaini na moja.

Wiki iliyopita walifika mtu na mkewe, vijana, wamechoka, wanatoka Lusaka. Nikawaambia. Walitikisa vichwa, wakaipiga picha karatasi, wakaniambia ni nzuri. Saa moja baadaye walirudi wameshika bulungutu la noti, juu shilingi na chini shilingi, katikati karatasi za daftari la shule zenye hesabu za kujumlisha za mtoto fulani. Mtu wa barabarani aliwaita, akawapa bei nzuri kuliko benki. Yule mume alikuwa na hasira, anataka kutoka kumtafuta. Nilimwambia hatampata, na akimpata watakuwa wanne. Mke alikaa kwenye benchi la mapokezi, anazitazama zile hesabu.

Niliwapa chai. Nikawaambia wamepigwa na mtu anayepiga kila siku, na kwamba tutakwenda kituoni kuandikisha, kisha benki, nami nitakaa nao. Tulikwenda. Askari aliandika. Benki tulikuta foleni ndefu, mashine moja mbovu, watu wanagombana kwa Kibemba na Kiswahili na lugha nyingine zote za huku. Tukakaa kwenye viti vya bati, mume upande huu, mimi katikati, mke upande ule. Feni ilikuwa inazunguka bila upepo. Baada ya dakika kama ishirini nilihisi kitu kizito kikiniangukia begani, nikageuka. Yule dada alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkoba wake ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Mumewe akataka kumwamsha. Nikamwonyesha kwa kidole amwache.